WATU WAKUBWA WA MJI: NANI NI WA LUBUMBASHI?



Katika numero hii sisi wa mwaka wa sita tumepewa kurasa za somo la historia. Tumechagua swali linaloonekana dogo: mtu mkubwa wa mji ni nani? Na mji wenyewe ni huu wetu, ambao watu wanauita kwa furaha Lubumbashi Wantanshi, maana yake ule wa mbele. Tunaliimba jina hilo kila siku. Lakini mwombe mwanafunzi ataje watu kumi waliofanya mji huu ujulikane: atataja wachezaji wanne wa Mazembe, waimbaji watatu, kiisha atanyamaza na kuangalia dirisha.

Tena kuna swali lingine lililojificha ndani ya lile la kwanza. Ukitaja jina la mtu, kabla hujamaliza kueleza kazi yake, mwenzako anauliza: "Ule uko mutu wa wapi?" Sote tunajua swali hilo. Tunaulizwa siku tunapoandikishwa shuleni, tunaulizwa sokoni na ndani ya basi. Ndilo linalotusukuma kuandika somo hili. Someni polepole, na mwishoni mtakuta maswali.

1. Mfano wa mji wa Ujerumani

Tuanze mbali, ili tukirudi hapa tuone vizuri. Katika Ujerumani kuna mji wa zamani unaoitwa Eisenach. Juu ya mlima wake kuna ngome, jina lake Wartburg. Wageni wanaofika huko wanaambiwa habari za watu wawili hasa.

Wa kwanza ni Martin Luther. Yeye hakuzaliwa Eisenach. Alizaliwa Eisleben mwaka wa 1483. Alisoma Eisenach miaka michache akiwa kijana, kiisha akaenda zake. Mwaka wa 1521, alipokuwa katika hatari, alifichwa ndani ya ngome ile tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata. Ni muda usiofika hata mwaka mmoja. Lakini katika muda huo alitafsiri Agano Jipya katika Kijerumani, kwa juma kumi na moja hivi. Hakuandika kwa lugha ya wakubwa wa chuo, aliandika kwa lugha ambayo mama nyumbani na mtu wa soko wanaweza kuielewa. Kitabu kilichapwa mwaka wa 1522.

Wa pili ni Johann Sebastian Bach, mtunga muziki. Yeye alizaliwa Eisenach kabisa, mwaka wa 1685. Lakini wazazi wake walikufa, naye alipokuwa na miaka kumi alienda kulelewa na kaka yake katika mji mwingine. Kazi zake kubwa alizifanya kwingine, na alikufa Leipzig mwaka wa 1750.

Angalieni vizuri. Mmoja alikuwa mpita njia, lakini alifanya kazi kubwa pale. Mwingine alikuwa mzaliwa, lakini alifanya kazi kubwa kwingine. Mji umewachukua wote wawili, na haukumkataa Luther kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa pale. Basi tuchukue mfano huu, tuje nao nyumbani.

2. Mji ulioanza na jina la mgeni

Kabla ya mji kulikuwa na inchi yenye wenyewe. Udongo huu ulikuwa chini ya mfalme Kaponda, na mto Lubumbashi ulikuwa na jina lake zamani, kabla mzungu hajaleta kamba ya kupima njia. Neno hili lisisahauliwe.

Mwaka wa 1906 Wabeleji walianzisha kompani ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka wa 1910 reli iliyotoka kusini, upande wa Rodezia, ilifika hapa, na mwaka uleule Emile Wangermée, mkubwa wa serikali ya Katanga, alianza kupanga mji. Mwaka wa 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa katika kiwanda kilicho karibu na mto.

Mji ulipewa jina la Élisabethville, kwa heshima ya malkia Elisabeth, mke wa mfalme Albert wa Ubeleji. Malkia huyo hakuwa hata Mbeleji wa kuzaliwa: alizaliwa mwaka wa 1876 huko Possenhofen, katika inchi ya Bavaria, Ujerumani. Ni vile, ndugu zetu. Mji wetu ulibeba jina la binti wa Ujerumani tangu 1910 mpaka 1966, ulipopewa tena jina la mto wake.

Basi malkia Elisabeth ni mtu wa Lubumbashi? Jina lake lilikuwa kwenye kila barua na kila tikiti ya reli. Lakini jina lililotolewa kwa amri liliondolewa kwa amri. Wangermée ni karibu zaidi, kwa kuwa njia tunazopita katikati ya mji zinafuata mpango wa wakati wake. Lakini tusisahau kwamba mji ule ulipangwa kwa kutenga watu: wazungu upande wao, na Waafrika katika cité yao, ile ya Albert, ambayo leo ni komine ya Kamalondo. Kuwa mkubwa katika historia si sawa na kuwa mwema. Anayesoma historia atenganishe maneno hayo mawili.

3. Waliokuja wakafanya kazi hapa

Tunaanza na wachoraji, kwa sababu katika habari yao jambo linaonekana wazi. Kisha Vita ya Pili ya Dunia, mwaka wa 1946, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa nyumba ya kuchorea iliyoitwa Le Hangar. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwaacha watafute ndani ya macho na kumbukumbu zao. Mmoja alikuwa Bela, mtu wa Chad, aliyekuja hapa kama mfanyakazi wa Romain-Desfossés mwenyewe. Bela alichora kwa vidole vyake, bila burashi. Mwingine alikuwa Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka wa 1914 na kufa mwaka wa 2007: samaki, ndege na nyoka wake wanajulikana katika inchi nyingi. Wa tatu, Mwenze Kibwanga, alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi iliyolala pamoja kama nyasi. Romain-Desfossés alikufa hapa mwaka wa 1954. Mfaransa mmoja, mtu wa Chad mmoja na Wakongo: wataalamu wa dunia wakiandika juu yao wote wanaandika neno moja, wachoraji wa Élisabethville.

Sasa muziki. Mwenda Jean-Bosco, Mwenda wa Bayeke, alizaliwa Bunkeya mwaka wa 1930. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kushika sauti, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akashika wimbo wake "Masanga". Mwenda alipiga gitaa moja kwa vidole, na aliyesikia alifikiri kuna watu wawili. Aliimba Kiswahili cha huku kwetu, na sahani zake zilifika mpaka Kenya, ambako vijana walijifunza gitaa kwa kumsikiliza. Alikufa katika ajali ya motokaa huko Zambia mwaka wa 1990. Huyu ni mtu wa Bunkeya, au wa Likasi, au wa Lubumbashi? Tunasema wa zote tatu. Hakuna mji uliopoteza kitu kwa kumgawana.

Na wakubwa wa siasa je? Tutataja watatu tu, bila kumtetea mtu na bila kumhukumu, kwa maana habari zao bado zinawasha moto katika nyumba nyingi.

Moïse Tshombe alizaliwa Musumba mwaka wa 1919 na alisoma katika shule za misioni ya Metodiste. Tarehe 11 Julai 1960 alitangaza hapa kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Alikuwa waziri mkuu wa Kongo nzima mwaka wa 1964, na alikufa kifungoni Algeria mwaka wa 1969.

Jason Sendwe alizaliwa mwaka wa 1917 upande wa Kabongo. Alikuwa msaidizi wa daktari, kiisha kiongozi wa chama cha Balubakat kilichopinga kujitenga kule. Aliuawa Albertville, leo Kalemie, mwezi wa sita 1964. Wengi wetu tunataja jina lake bila kujua: tukisema "ninaenda ku Sendwe", tunataka kusema hospitali. Aliyekuwa msaidizi wa daktari amekuwa jina la nyumba ya wagonjwa. Ni heshima inayomfaa.

Patrice Lumumba hakukaa hapa hata siku mbili. Tarehe 17 Januari 1961 yeye na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege, wakapigwa, na usiku uleule wakauawa porini, si mbali na mji. Kilichobaki cha mwili wake kilikuwa jino moja, ambalo Ubeleji ulilirudisha Kongo mwezi wa sita 2022. Hatuwezi kuandika habari ya mji huu na kuruka usiku ule. Kuna wapita njia wanaoacha kazi, na kuna mpita njia anayeacha swali. Lumumba alituachia swali.

4. Waliozaliwa hapa

Tukuje sasa kwa wazaliwa. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Élisabethville mwaka wa 1947. Alikuwa mchoraji wa kuuza picha zake mlango kwa mlango, kwa watu wa kawaida walio na nyumba ndogo. Mwaka wa 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zaidi ya mia moja za historia ya inchi yetu, na kila picha aliieleza kwa mdomo katika Kiswahili cha mji. Johannes Fabian, mwalimu aliyezaliwa Ujerumani na aliyefundisha wakati ule katika chuo kikuu cha Lubumbashi, alizinunua na kuandika maelezo yake. Tshibumba alisema wazi kwamba yeye ni mwandishi wa historia, ila anaandika kwa rangi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuonekana tena. Picha zake ziko katika majumba ya Ulaya, na sisi wa mji wake tunazikuta vitabuni tu.

Fiston Mwanza Mujila alizaliwa hapa mwaka wa 1981. Kitabu chake Tram 83 kilitoka mwaka wa 2014 na kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Anakaa Graz, katika inchi ya Austria, na anaandika Kifaransa na Kijerumani pia. Huyu ni kama Bach wetu: mji ulimzaa, kazi ameifanya kwingine. Tukimkataa kwa sababu aliondoka, basi Eisenach nao wamkatae Bach!

Na Mazembe, ili wasituseme. Timu ilianzishwa mwaka wa 1939 na mapadri Wabenedikto. Ilichukua kikombe cha Afrika cha mabingwa mwaka wa 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Tshimen Bwanga alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika mwaka wa 1973. Na tarehe 18 Desemba 2010 Mazembe ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kikombe cha dunia cha klabu. Inter ya Milano ilishinda 3 kwa 0, lakini ile ngoma ya golikipa Kidiaba ya kurukaruka kwa matako ilijulikana dunia nzima. Siku Mazembe inacheza, hakuna anayeuliza baba wa mchezaji ni mtu wa wapi. Tunauliza tu kama mupira umeingia. Kumbe tunajua kipimo kizuri, ila tunakiacha kule kwenye uwanja.

5. Wasiokuwa na sanamu

Tumebakiza watu wawili, na kwa sisi ndio wazito zaidi.

Léonard Mpoyi alikuwa mfanyakazi aliyesoma. Mwaka wa 1941, wakati wa vita, bei ya vitu ilipanda na mshahara wa wafanyakazi Waafrika wa Union Minière haukutosha. Mwezi wa kumi na mbili walikataa kwenda kazini. Walikusanyika katika uwanja wa mpira, na Mpoyi alikuwa msemaji wao mbele ya gavana Maron. Tarehe 9 Desemba 1941 walipigwa risasi uwanjani. Mpoyi alikufa pale pamoja na watu wengi ambao majina yao hatukufundishwa. Tshibumba alichora siku ile. Ndiyo sababu tunasema mchoraji anaweza kuwa mwalimu wa historia.

Wa mwisho ni André Yav. Mwaka wa 1965 chama cha waliokuwa maboyi, yaani wapishi na watumishi wa nyumba za wazungu, kilitoa kijitabu chenye jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mwandishi alikuwa Yav. Ndani yake, kwa Kiswahili cha huku huku, kilichoandikwa vile kinavyosemwa, wazee wale wanaeleza jinsi mji ulivyoanza, jinsi walivyofanya kazi, na namna walivyotendewa na Wabeleji. Boyi alisimama mlangoni na sahani mkononi. Bwana alifikiri hasikii. Kumbe alisikia yote, alikumbuka yote, na siku moja aliandika.

Tena kijitabu kile kilipigwa kwa mashine ya kuandikia na kutolewa kwa roneo, sawa kabisa na gazeti letu hili. Karatasi za namna hii zinaloa, zinafungia karanga, zinapotea. Kile hakikupotea, kwa kuwa nakala ilifika mikononi mwa wasomi, na mwaka wa 1990 Fabian yuleyule alikichapa tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Leo katika vyuo vikuu vya mbali wanakisoma kama sauti ya kweli ya wafanyakazi wa mji wetu. Hapa kwetu, ni wanafunzi wangapi wamesikia jina la Yav?

Mnakumbuka Luther juu ya mlima wake? Hatusemi Yav ni Luther. Tunasema kwamba wote wawili walikataa wazo moja, lile la kwamba maneno makubwa hayawezi kukaa ndani ya lugha ya jikoni.

6. Kipimo chetu

Sasa tujibu. Tukisema mtu wa Lubumbashi ni yule tu ambaye babu yake alizikwa hapa kabla ya 1910, tutabaki na watu wa Kaponda, ambao tunawaheshimu, na wengine wote tufunge mizigo. Kwa maana wafanyakazi waliojenga mji walitoka Rodezia, Kasai, Ruanda, na pande zote za Katanga. Wengi walikuja kwa mkataba wa kompani. Waliobaki walizaa wazee wetu.

Na hili si neno la mchezo. Mwaka wa 1992 na 1993, katika Katanga yetu, watu wengi sana walifukuzwa kwa sababu asili yao ni Kasai. Wengi kati yao walizaliwa huku, na hawakujua njia nyingine ya nyumbani ila ile ya hapa. Huko Likasi na Kolwezi walilala kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na wengine, hata watoto, walikufa wakingoja. Sisi hatukuwa tumezaliwa bado. Lakini mabaya yale hayakuanza na fimbo. Yalianza na swali dogo lile, "uko mutu wa wapi?", na jibu lake, "ule haiko wa kwetu".

Kwa hiyo sisi tunapendekeza kipimo kingine: mtu wa mji ni yule aliyeacha kitu ambacho mji ungekuwa maskini bila chenyewe. Wimbo, picha, kitabu, goli, shule, hata kifo kilichosimama mbele ya bunduki kwa ajili ya mshahara wa wenzake. Tukipima hivyo, Bela wa Chad ni wetu. Mwenda wa Bunkeya ni wetu. Mwanza Mujila wa Graz ni wetu. Na mama anayeuza bukari kwenye mlango wa kiwanda miaka thelathini, ambaye amelisha watu elfu na hakuna aliyemwandika, naye ni wetu. Mwandikeni.

Maswali ya kujipima

a) Luther na Bach wanatofautiana namna gani katika uhusiano wao na Eisenach? Toa mfano mmoja wa Lubumbashi kwa kila mmoja.
b) Jina la Élisabethville lilitoka wapi, na lilidumu miaka mingapi?
c) Juu ya nini tunasema kuwa mkubwa si sawa na kuwa mwema? Eleza kwa mfano.
d) Kijitabu cha André Yav kinatufundisha nini ambacho barua za wakubwa wa kompani hazingeweza kutufundisha?

Kazi ya nyumbani

Kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja wa mtaa wake, Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, popote anapokaa. Amsalimu vizuri, akae chini, amwulize: "Tata, wakati ulifika hapa, mji ulikuwa namna gani? Ulifanya kazi gani?" Aandike majibu kwa Kiswahili kilekile cha mzee, bila kukisafisha. Karatasi ziletwe kwetu mwaka wa sita kabla ya mitihani. Tutazipiga kwenye roneo, nakala nyingi, na moja itabaki katika maktaba ya shule, ndani ya sanduku la chuma lisiloingia maji.

Mkubwa wa wanafunzi, kwa jina la mwaka wa sita